Umeme na Jenereta

Machi 6

Leo tumelifungulia bwawa maji yote yakatoka. Yaliondoka kwa madaha, mpaka mchana ndipo tukaona sakafu, na pale chini tukakuta vibanio vya nywele visivyo na idadi, miwani ya kuogelea ya mtoto na jino la bandia ambalo mpaka sasa hakuna aliyejitokeza kusema ni lake. Vigae vyote vitabanduliwa na kuwekwa vipya. Mpaka mwishoni mwa Mei sina wanafunzi wa kufundisha kuogelea, na mvua nayo imeanza kwa pupa. Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mimi si mtu wa kukaa bure, nikikaa bure naanza kupanga upya makabati ya watu.

Kumbe nisingekaa bure hata hivyo. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa, ambaye kazi yake hasa ni mfamasia, alinivuta pembeni akiwa na ile sauti yake ya kumweleza mtu matumizi ya dawa.

"Mwalimu, bwawa likifunguliwa litapewa jina. Kamati imegawanyika. Nusu wanamtaka mama yako, nusu wanamtaka mama mkwe wako. Tumekubaliana wewe uandike kurasa mbili, uwalinganishe, useme nani alikuwa bora. Utakaloandika ndilo litakalopita, na siku ya ufunguzi utalisoma mwenyewe."

"Mbona mimi?"

"Nani mwingine anawajua wote wawili?"

"Si muweke majina yote mawili yaishe?"

"Tuliwauliza. Kila mmoja amekataa jina lake kukaa ubao mmoja na la mwenzake."

Sikushangaa hata kidogo. Mama yangu ndiye Umeme. Mbio fupi, mita hamsini na mita mia, alikuwa akiruka na kufika kabla watu hawajamaliza kukaa. Mama mkwe ndiye Jenereta. Mbio ndefu, ananguruma mpaka wengine wote wazimike. Majina hayo walipewa na mashabiki, na hadi leo mjini hawaitwi vingine. Na mimi, katika vijana wote waliojaa duniani, nikaenda kumpenda mtoto wa Jenereta. Siku alipokuja nyumbani mara ya kwanza, Mama alimtazama mabega, akasema, "Huyu najua alikotoka."

Sasa nimekalia kuti kavu. Nikimwandika Mama, Mama mkwe anaishi kwetu, chumba cha uani, na chai ya asubuhi tunakunywa pamoja. Nikimwandika Mama mkwe, nitakuwa mtoto aliyesimama mbele ya mji mzima akamshusha mama yake mzazi. Mama ninaye mmoja, na kusahau hajui.

Machi 7

Mvua. Mume wangu nimemwambia. Amecheka mpaka akakaa chini. Sioni cha kuchekea.

Machi 11

Nilipita kwa kinyozi, yaani kwa mume wangu. Ubishi umeshafika huko. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imenyolewa, alikuwa amesimama katikati ya chumba na shuka lake shingoni anaonyesha jinsi Umeme alivyokuwa akiruka. Mwingine akamjibu kwamba umeme si kitu cha kutegemea, unakatika wakati wowote. Wa tatu akasema afadhali unaokatika kuliko jenereta, kelele na moshi.

"Na wewe kinyozi unasemaje?" wakamuuliza.

"Mimi nanyoa tu," mume wangu akasema. "Mmoja ni mama yangu, mwingine ni mama wa anayenipikia."

Nilikuwa mlangoni. Leo amejipikia.

Machi 19

Nimeanza kazi. Nilikwenda kwa Mama, mtaa wa pili, nikamkuta amejiandaa kana kwamba naja kumpiga picha. Medali ameziweka kwenye kabati la vyombo, kati ya bakuli na sahani za wageni, na kila medali inang'aa kuliko sahani.

"Andika," akaanza kabla sijakaa. "Mita hamsini, ndani ya bwawa lile, sikushindwa hata siku moja. Tangu nikiwa shuleni mpaka nilipokupata wewe. Halafu andika kwamba niliacha mwenyewe. Sikuachishwa. Wangapi wanajua kuacha wakiwa juu?"

Hayo yote ni kweli, na hakuna anayeyapinga. Nikamuuliza kuhusu ile siku walipokutana uso kwa uso, mara moja tu katika maisha yao, mita mia mbili. Ilikuwa ndefu kwa Mama na fupi kwa Mama mkwe, ndiyo maana watu walijaa mpaka juu ya ukuta.

"Nilishinda. Nikatoka nikatapika nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, nikaapa sitaogelea mia mbili tena."

"Inasemekana yeye aliomba mrudiane."

"Kila mwaka."

"Ukakataa."

"Nilikuwa nimeshashinda, mwanangu. Ningerudia nini?"

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Huwezi kumbana Mama kwenye kona, yeye hufika kabla yako.

Machi 20

Mvua. Ukungu umeota kwenye viatu.

Machi 27

Zamu ya Mama mkwe. Nilimkuta uani anakunja nguo. Akaniambia nishike upande mwingine wa shuka, tukawa tunazungumza huku tunakunja.

"Kwanza andika kwamba mashindano yangu ya kwanza nilikuwa wa mwisho. Usinifichie. Nilipogusa ukuta, wenzangu walikuwa wameshavaa. Ya pili pia wa mwisho."

"Mama, hayo nayo niyaandike?"

"Yaandike kwanza kabisa."

Sikuwa nimewahi kufikiria jambo alilonieleza baadaye. Alipoanza, mbio ndefu za wanawake hazikuwekwa. Waandalizi walisema mwanamke atazimia njiani, nani abebe lawama? Kwa hiyo kwa miaka yeye alikuwa akiogelea mbio zisizokuwepo. Alfajiri, peke yake, anaenda na kurudi, hakuna saa, hakuna filimbi, mlinzi tu wa bwawa anapiga miayo. Walipokuja kuziweka hatimaye, alikuwa na watoto watatu na umri wa watu kumwita shangazi. Akaingia, akashinda, na hakuna aliyemshinda tena mpaka alipoacha.

"Sasa medali zako ni chache kwa sababu..."

"Ni chache kwa sababu ni chache," akasema. "Mama yako anazo nyingi kwa sababu alishinda nyingi. Usitafute mchawi."

Nikamuuliza kuhusu mia mbili. Katika nyumba hii, hadithi ninayoijua ni kwamba siku ile alikuwa na homa kali. Mume wangu anaisimulia hivyo, na dada zake, na watoto wa dada zake.

Mama mkwe akaacha kukunja. "Homa gani? Hiyo chumvi aliitia marehemu baba yao, alikuwa ananionea huruma. Sikuwa mgonjwa. Sikuteleza. Alinishinda kwa haki, nikalia usiku kucha."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii nikidhani ananuna tu akilisikia jina la Mama. Sikujua kwamba alikuwa akimheshimu kiasi hicho. Nilimpenda sana leo.

Aprili 5

Nimeandika. Kurasa mbili, na jina mwishoni ni la Mama. Medali, rekodi, mita hamsini bila kushindwa, na huo mpambano mmoja wa mia mbili ambao mshinde mwenyewe anakiri. Nani atabisha? Nimelala vizuri.

Aprili 6

Nimesoma tena nilichoandika. Kinafanana na risiti.

Aprili 9

Mvua, na umeme wa kweli umekatika. Mama mkwe ameshinda akitabasamu.

Aprili 14

Siku ya leo lazima niiandike yote.

Mvua ilipumzika, nikawachukua wote wawili kwenda kuona ukarabati. Njiani walikaa kila mmoja upande wake, mimi katikati na mwavuli.

"Mkwe, magoti yanaendeleaje?" Mama akauliza, kwa ile adabu yake iliyojaa sindano.

"Yananibeba, mkwe. Na wewe bega?"

"Halijambo."

Fundi wa vigae, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, alipojua ni akina nani akafuta mikono kwenye suruali na kutushikia ngazi. Tukashuka mpaka chini ya bwawa. Ni mahali pa ajabu pakiwa pakavu. Sauti inarudi, na unajisikia mfupi. Vigae vya kando vilikuwa vimeshabanduliwa, lakini ile mistari myeusi ya sakafuni, ambayo mwogeleaji huifuata asiende upande, ilikuwa bado ipo.

Mama mkwe akasimama juu ya mstari mmoja, akaanza kutembea. Polepole, kichwa ameinamisha. Alipofika karibu na katikati akainama kwa shida, akagusa kigae.

"Hiki hapa. Kina ufa. Nikikipita, najua nusu imekwisha." Akaenda mbele kidogo. "Na hapa rangi imefifia. Hapa nilikuwa napenda kukata tamaa."

"Unapenda kukata tamaa?" nikamuuliza.

"Kila siku, mahali hapahapa. Nikishapita hapa, basi."

Mama alikuwa amesimama kwenye mstari wa jirani, anatazama sakafu kama mtu aliyepelekwa nyumba asiyoijua. "Mimi sijawahi kuviona vitu hivi," akasema.

"Utavionaje, na kasi ile," nikasema.

"Si kasi. Nilikuwa nafumba macho."

Mama mkwe akageuka. "Unasemaje, mkwe?"

"Nafumba. Tangu filimbi mpaka ukuta. Nikifumbua nitamwona aliye pembeni, na nikimwona nitaogopa. Nilikuwa mwoga kupita wote, kama hamjui. Ndiyo maana nilikuwa nawahi kufika, yaishe."

Halafu Mama mkwe akaanza kucheka, kicheko kile cha kutoka tumboni, kikagonga kuta zote nne na kurudi. "Miaka yote ile nakuonea wivu, nalia na mto, kumbe nimeshindwa na kipofu!"

Mama naye akapasuka. Walicheka mpaka wakashikana mikono wasianguke, na fundi wa vigae kule juu akaacha kazi akawa anacheka bila kujua anacheka nini. Sikuwahi kuwaona wakigusana kabla ya leo, isipokuwa kwenye harusi yangu, na pale ilikuwa kwa ajili ya picha.

Aprili 15

Mama amepiga simu kuuliza kama nimeandika lile la kufumba macho. Nimesema hapana. "Usiliandike," akasema. Nimemwahidi.

Aprili 22

Zile kurasa nimezichana. Mume wangu aliuliza kuna nini, nikamwambia anyoe tu.

Nimefikiri wiki nzima. Hakuna aliyewahi kuingia lile bwawa akiwa na kasi ya Mama, na yule mtoto mwoga ninamsifu zaidi sasa kuliko nilipodhani haogopi kitu. Lakini swali ninaloulizwa ni nani alikuwa bora katika safari nzima ya kuogelea. Mama alichagua mbio alizojua atashinda, akazishinda, akaondoka. Mama mkwe alikuwa wa mwisho mara mbili, akashindwa mia mbili, akaogelea miaka mbio ambazo hazikuwepo, na kila siku akapita pale anapopenda kukata tamaa. Wasichana ninaowafundisha leo wanaogelea ndefu kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuzimia. Hivyo ndivyo ninavyoona. Nimejaribu kuona vingine, nikashindwa.

Aprili 29

Nimeandika upya. Moyo unanidunda kama wa mtu aliyeiba.

Mei 2

Nilipiga moyo konde, nikaenda kumwambia Mama kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Umemaliza kuandika," akasema bila kugeuka.

"Nimemaliza."

"Basi usiniambie."

"Mama, sitaki ulisikie pale mbele ya watu. Nimemwandika Mama mkwe."

Kisu hakikusimama. Alimaliza kitunguu kile, akachukua kingine, akakimenya, akakikata. Vitunguu vile vilikuwa vingi mno kwa mtu anayekaa peke yake.

"Kwa sababu unaishi naye."

"Hapana."

"Kwa sababu ya mumeo."

"Hapana, Mama. Kwa sababu naamini hivyo."

Hapo ndipo akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, na sijui kama ni vitunguu. "Afadhali ungesema ni kwa sababu ya mumeo," akasema. "Chukua mwavuli wako, mvua inakuja."

Nimelia njia nzima. Ilinyesha kweli, na mwavuli sikuufungua.

Mei 3

Hajapiga simu.

Mei 5

Nimepiga mimi. Jirani amepokea, anasema Mama anaoga. Niliposema nitasubiri, akasema Mama ataoga sana.

Mei 8

Mvua. Hajapiga.

Mei 10

Mama mkwe aliniuliza mbona sina raha. Sikuweza kumwambia, jina bado ni siri ya kamati. Akasema, "Nenda ukamwone mama yako." Nikasema ana shughuli. Akasema, "Aliwahi kuninunia miaka minane. Wiki si kitu, mwanangu, kula."

Nimekula.

Mei 13

Bwawa limeanza kujazwa. Maji ya mvua na ya bomba pamoja, yanapanda taratibu. Vigae vipya ni vya buluu, vinapendeza. Mwenyekiti amemtangazia Mama mkwe. Alishika mdomo, akakaa kitandani, akauliza jambo moja tu: "Umeme anajua?" Nikasema anajua.

Siku ya ufunguzi ataogelea mbele ya watu, mita mia nane. Nimemwambia inatosha mia moja, umri huu. Akaniuliza kama mimi ni mwandalizi wa mashindano.

Mei 17

Mama amekuja! Hakubisha hodi, aliingia tu mpaka uani na mkoba wake mkononi. Mimi hakuniangalia. Alisimama mbele ya Mama mkwe.

"Hongera, mkwe."

"Ahsante, mkwe. Karibu ukae."

"Sikai. Nimesikia unaogelea mia nane. Nani atakuhesabia?"

Mbio zikiwa ndefu, mwogeleaji hupoteza hesabu. Kwa hiyo mtu hukaa ukingoni mwa njia na vibao vya namba, na kila mwogeleaji anapokaribia ukuta, kibao kinazamishwa majini aone imebaki mizunguko mingapi, kwenda na kurudi. Unayemkabidhi kazi hiyo ni mtu unayemwamini kabisa, maana ukiwa ndani ya maji huna macho mengine.

"Bado hatujapanga," Mama mkwe akasema.

"Basi nitakuhesabia mimi."

Mama mkwe alimtazama. "Nitashukuru," akasema.

Alipokuwa akitoka, Mama alisimama mbele yangu, akaniweka sawa kola ya blauzi, ambayo ilikuwa sawa tayari. Mume wangu anasema hapo pana namna. Mimi sijali, nimeshikwa kola.

Mei 24

Jua siku nzima, la kwanza kwa muda mrefu. Nimeanika hadi magodoro.

Mei 30

Tumefungua.

Watu walijaa kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nilisoma kurasa zangu mbili. Sentensi waliyoishangilia zaidi ilikuwa ile niliyosema kwamba huyu ni mwanamke ambaye maji hayajawahi kumchosha. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono juu ya mkoba. Alipiga makofi, si sana, si kidogo. Ubao ukafunuliwa, jina likaonekana, vigelegele.

Kisha Mama mkwe akaingia majini na kofia yake ya zamani. Mama akachukua vibao, akaenda kukaa kwenye ukuta wa kuanzia.

Jamani, yule bibi anaogelea! Taratibu, bila haraka, mkono baada ya mkono, na ule mngurumo wa pumzi uliompa jina. Mizunguko minane ndiyo mia nane. Watu walikuwa wanahesabu kwa sauti pamoja na vibao. Imebaki mitano! Imebaki minne! Mitatu! Miwili!

Alipokwenda na kurudi, Mama akazamisha kibao. Miwili.

Watu wakatazamana. Mama mkwe akageuka, akaendelea. Aliporudi tena, Mama kwa utulivu wa mtu anayehesabu fedha za benki akazamisha kibao kilekile. Miwili. Sasa watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akaniangalia kama nimemwekea sumu kwenye duka la dawa. Nikaenda mbio mpaka alipokaa Mama.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu vibaya! Ameshamaliza!"

"Si umesema hachoki?" Hakuondoa macho kwenye maji. "Umesoma mbele ya watu wote hawa. Acha waone kama ulisema kweli."

Nikataka kumpokonya vile vibao, lakini nilipomtazama usoni nikaacha. Alikuwa ameinama mbele, midomo inatembea, anamsindikiza kila mkono unaotoka majini. Alikuwa na furaha kama mtoto.

Kikaja kibao cha mmoja. Halafu cha mmoja tena. Watu walikuwa wamesimama wote, wanapiga makofi kwa kila mkono, wengine wanafuta machozi ya kicheko. Mpaka hapo alikuwa ameongezewa mizunguko mitatu mizima, na mwendo wake haukupungua hata kidogo. Aliporudi kwa mara ya mwisho Mama hakuzamisha kitu. Mama mkwe akagusa ukuta, akavua miwani, akashika ukingo akivuta pumzi.

"Kumi na moja, mkwe," akasema.

Mama akaduwaa. "Ulijua?"

"Tangu kibao cha kwanza cha uongo. Mimi huwa najihesabia mwenyewe."

"Sasa mbona hukusimama?"

"Nilikuwa nasubiri wewe uchoke."

Mama akaviweka vibao chini, akavua viatu vyake vizuri vya sherehe, akakaa ukingoni na kutumbukiza miguu majini, gauni na vyote.

"Basi nimechoka, Jenereta," akasema. "Nimechoka mimi. Toka sasa, upate baridi bure."

Akampa mkono kumvuta. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Mama akikubali kwamba ameshindwa, na leo alikubali huku amelowa mpaka magotini, anacheka, na mkono wa mwenzake hajauachia.